Mtu wa Mlangoni: Kazi ya Naibu wa Sherifu na Masharti Yake

Hotuba kwa wazazi na vijana wa jumuiya ya wazungumzaji wa Kiswahili, Louisville, Kentucky

Wazee wetu, shikamooni. Mama zangu, baba zangu, kaka na dada, habari za jioni. Na ninyi vijana mliosimama kule nyuma, sogeeni, viti vya mbele bado viko wazi.

Nimeombwa nieleze kazi ninayofanya, kazi ya naibu wa sherifu, ili kijana anayeitaka ajue anaingia wapi, na mzazi anayeiogopa ajue anaogopa nini. Sifanyi kazi katika kaunti hii ya Jefferson, natoka kaunti nyingine ya jimbo letu. Nimeomba nizungumze Kiswahili mwanzo hadi mwisho, maana humu ndani tuna watu wa Uvira, wa Fizi, wa Bukavu, wa Bujumbura, wa Kigoma na wa Mombasa, na wengi wetu tulipita kambi ya Nyarugusu. Tuliozoea maisha yale, mtu akigonga mlango na sare mwilini, moyo unatangulia kukimbia kabla hatujajua amekuja na nini.

Nina jambo moja tu, na mengine yote nitakayosema yanalitumikia. Naibu wa sherifu ni mtu anayetumwa na mahakama kwenda mlangoni kwa mtu, mara nyingi katika siku mbaya kuliko zote za huyo mtu. Anayedhani kazi hii ni bunduki na king'ora ameona sehemu ndogo sana. Sehemu kubwa ni karatasi, subira, ukweli, na uwezo wa kuzungumza na mtu mwenye hasira bila kumvunjia heshima. Vijana wetu wengi tayari wana uwezo huo. Mtoto aliyeanza kumtafsiria mama yake hospitalini, benki na ofisi ya nyumba akiwa hajafika hata darasa la sita, huyo amekwisha jifunza jambo ambalo wenzake watatafuta chuoni.

Kwanza tuelewane sherifu ni nani. Kule Tanzania polisi ni jeshi moja la nchi nzima, na mkuu wake, IGP, anateuliwa na Rais. Hapa Kentucky tuna kaunti 120, na kila kaunti ina sherifu wake aliyepigiwa kura na wakazi, kwa kipindi cha miaka minne. Hilo limo katika katiba ya jimbo ya mwaka 1891. Hana mkubwa kule Frankfort, mji mkuu wa jimbo, wa kumhamisha kituo. Mkubwa wake ni mpiga kura. Uchaguzi wa masherifu ulifanyika 2022, na unaofuata ni wa Novemba 2026. Sherifu ndiye anayewaajiri manaibu, nao wanatenda kwa jina lake. Naibu akikosea, jina linalotajwa mahakamani ni la sherifu na la kaunti. Katika ofisi nyingi sherifu anaweza kumwondoa naibu bila safari ndefu, na akija sherifu mpya anaweza kuja na watu wake. Kijana ajue hilo kabla hajaacha kazi yake ya ghala.

Majimbo hayafanani. Connecticut ilifuta masherifu wa kaunti mwaka 2000. Alaska haina kaunti, basi haina sherifu wa kaunti. Los Angeles kuna ofisi ya sherifu iliyo kubwa kuliko zote Marekani, na naibu mgeni pale kwa kawaida anaanzia jela, akilinda mahabusu, kabla ya kupewa gari la doria. Kentucky ni tofauti tena: mkuu wa jela ya kaunti naye anachaguliwa kwa kura, peke yake, mbali na sherifu. Hakuna jimbo lingine lenye utaratibu huo. Na hapa Louisville jela iko chini ya idara ya mji.

Kwa hiyo kama ndugu yako amekamatwa usiku wa kuamkia leo, kwenda kupiga kelele ofisi ya sherifu wa Jefferson hakutamtoa. Na ukipiga 911 kwa sababu ya mwizi, atakayekuja hapa mjini ni polisi wa Louisville. Ukihamia kaunti ya mashambani, mambo yanageuka: pale sherifu na manaibu wake ndio polisi, ndio ajali za barabarani, ndio mlevi wa saa nane za usiku, ndio mtoto aliyepotea msituni.

Kazi inayoniletea watu wengi wenye wasiwasi wa bure ni kodi. Kentucky, sherifu ndiye mkusanyaji wa kodi ya nyumba na ardhi. Mtu wetu ananunua nyumba yake ya kwanza, anashangilia, halafu inakuja bahasha yenye nyota ya sherifu juu yake. Anaiweka kabatini kwa hofu. Nawaomba, fungueni bahasha. Ni bili. Ukilipa mapema unapata punguzo la asilimia 2. Ukiiacha hadi mwaka mpya inaanza kuzaa faini, asilimia 5, kisha 10, na baadaye deni linahamia kwa karani wa kaunti na kuwa mzigo mwingine kabisa. Vivyo hivyo, ukinunua gari lililotumika ng'ambo ya mto, Indiana, kwa kawaida litakaguliwa na mtu wa sherifu kabla hujapata hati ya umiliki hapa. Hayo ni mambo ya kaunta na kalamu. Hakuna anayekamatwa kwa kwenda kuuliza.

Sasa nije kwenye mlango.

Karatasi zinazotoka mahakamani lazima zimfikie mtu, na anayezipeleka ni sisi. Kule nyumbani wengine mnamjua dalali wa mahakama. Hapa kazi kama ile ya kupeleka samansi na kusimamia utoaji wa watu kwenye nyumba iko kwa naibu wa sherifu. Mama mmoja akikuta karatasi imebandikwa mlangoni, jirani atamwambia, "Sherifu amekufukuza, funga mizigo." Nisikilizeni vizuri: karatasi ya kwanza haikufukuzi. Inakuita.

Utaratibu uko hivi. Kodi ya pango ikipitiliza, mwenye nyumba hapa Louisville na Lexington anapaswa kukupa notisi ya siku saba. Zikiisha hujalipa, anakwenda kufungua kesi mahakama ya wilaya. Mahakama inatoa samansi, naibu anakuletea mkononi au anaibandika mlangoni, angalau siku tatu kabla ya siku ya kusikilizwa. Siku hiyo unaenda. Usipoenda, hakimu anamsikiliza mwenye nyumba peke yake, na hukumu inatoka ukiwa kazini. Ukienda, unaweza kuonyesha risiti, unaweza kusema bomba la maji machafu limepasuka na umelalamika kwa maandishi, unaweza kukubaliana na mwenye nyumba mbele ya hakimu mlipane vipi. Mahakama za Kentucky zinatoa mkalimani bila malipo, ila waambieni mapema kwamba mnahitaji wa Kiswahili, na msikubali mtoto wa miaka kumi asimame pale kutafsiri kesi ya wazazi wake. Ukishindwa, una siku saba za kukata rufaa. Zikipita ndipo mwenye nyumba anaomba hati ya kukuondoa, na hapo ndipo naibu anarudi, safari hii akiwa na wanaume wa kubeba vyombo walioletwa na mwenye nyumba. Sisi wenyewe hatubebi. Tunasimama kuhakikisha kwamba hakuna anayepigwa na kwamba amri inatekelezwa kama ilivyoandikwa.

Na mwenye nyumba hana ruhusa ya kubadilisha kufuli wala kukata umeme ili uondoke mwenyewe. Lazima apitie mahakamani. Akibadilisha kufuli au kukata umeme, tafuta wanasheria wa msaada siku hiyohiyo.

Siku ya kutoa vyombo ndiyo ninayoiona kuwa kipimo cha naibu. Sheria inampa uwezo wote, na mpangaji anayetolewa hana hata kiti kilichobaki cha kukalia. Naibu mbaya anasimama na saa mkononi. Naibu mzuri anauliza dawa za bibi ziko wapi kabla ya mtu yeyote kugusa friji. Anauliza kama vyeti vya kuzaliwa na pasipoti viko salama mkononi. Anawaambia wabebaji wasirushe Biblia wala Kurani wala picha ya marehemu. Hakuna kifungu kinachomlazimisha kuuliza habari za dawa. Ndiyo maana nasema kazi hii inahitaji mtu, na mtihani wa mbio hautamwonyesha.

Mlango mwingine ni wa ugomvi wa mume na mke, na hapa nitasema kwa urefu kwa sababu tunapoteza watu.

Mtu anayepigwa au kutishiwa na mwenzi wake anaweza kuomba mahakama impe amri ya ulinzi ya dharura. Kentucky maombi hayo yanapokelewa saa 24, hayana malipo, na hayadai uthibitisho wa uraia. Hakimu akiridhika, amri inatoka, na naibu anatumwa kumtafuta anayelalamikiwa, amsomee, ampe nakala, na mara nyingi amtoe kwenye nyumba hiyo papo hapo. Ndani ya siku 14 wote wawili wanaitwa mbele ya hakimu. Akitoa amri kamili, inaweza kudumu hadi miaka mitatu, na inaweza kuongezwa. Anayefungwa na amri ya namna hiyo anakatazwa kumiliki bunduki na sheria ya shirikisho, na Mahakama Kuu ya Marekani iliithibitisha sheria hiyo Juni 2024 katika kesi ya Rahimi.

Wazee wangu, najua kikao cha familia kina nguvu. Kimetulea, na nyumba nyingi zimesimama kwa sababu yake. Lakini amri ya ulinzi ikishatoka, kikao kinakuwa mtego. Amri ikisema mume asiwasiliane na mke, basi hata kumtuma shemeji, hata kumtuma mchungaji apeleke salamu za msamaha, ni kuivunja amri. Kuivunja ni kosa ambalo kifungo chake kinaweza kufika miezi 12. Na mke akimpigia simu yeye mwenyewe akamwambia arudi nyumbani, amri haijafutika. Anayeifuta ni hakimu tu. Naibu akimkuta mume sebuleni anakunywa chai aliyokaribishwa na mkewe, atamfunga pingu, na watoto watashuhudia. Wanaotaka kuwapatanisha waende kwanza mahakamani wakaombe amri ibadilishwe. Nawasihi mlifikishe hili misikitini na makanisani.

Kwetu sisi manaibu karatasi hiyo ndiyo ya hatari kuliko nyingine. Tarehe 30 Juni 2022, mji mdogo wa Allen, Kaunti ya Floyd, mashariki mwa jimbo hili, manaibu walikwenda kwenye nyumba moja kwa shauri la ugomvi wa nyumbani. Aliyekuwa ndani alikuwa amejiandaa kwa silaha. Maofisa watatu walipoteza maisha, mmoja wao naibu wa sherifu, na mbwa wao wa polisi aliuawa. Mwaka uliofuata, Mei 2023, naibu wa Kaunti ya Scott alipigwa risasi na kufa akiwa amesimamisha gari barabara kuu ya I-75, kazi ya kawaida kabisa ya kila siku. Mzazi anayekuja kuniambia, "Mwanangu anataka kazi yako," siwezi kumficha hayo. Mwanao akivaa sare, utaishi na hofu hiyo. Fulana ya kuzuia risasi inasaidia, na mafunzo yanasaidia, lakini hofu haiondoki.

Kuna manaibu mahakamani pia, wale mnaowaona wakikagua mikoba mlangoni na kusimama nyuma ya mshitakiwa. Wanawaleta mahabusu kutoka jela na kuwarudisha. Wanamsafirisha mgonjwa wa akili kwenda hospitali pale hakimu anapoagiza achunguzwe. Safari hiyo inaweza kuwa ya saa kadhaa, watu wawili ndani ya gari, mmoja anasikia sauti ambazo mwingine hazisikii. Kuna mengi ya kusema juu ya safari hizo, ila muda hautoshi.

Shuleni lazima niseme. Baada ya mauaji ya risasi katika shule ya Marshall County, Januari 2018, bunge la Kentucky lilipitisha sheria ya usalama wa shule mwaka 2019, na mwaka 2022 likataka kila shule iwe na ofisa wake kadiri fedha na watu watakavyopatikana. Katika kaunti nyingi ofisa huyo ni naibu wa sherifu. Ni mtu mwema kwa mtoto akiwa amechaguliwa vizuri. Akichaguliwa vibaya, tunayo kesi ya kutufundisha. Covington, kaskazini mwa jimbo, mwaka 2014, naibu wa Kaunti ya Kenton aliwafunga pingu watoto wawili wenye ulemavu wa tabia na umakini, mmoja wa miaka minane, mwingine tisa. Mikono yao ilikuwa midogo hivi kwamba pingu zilifungwa juu ya viwiko, nyuma ya mgongo. Video ya mmoja wao akilia ilionekana nchi nzima. Mwaka 2017 jaji wa shirikisho alisema ilikuwa nguvu kupita kiasi na kinyume cha katiba, na kaunti inawajibika. Mwaka 2018 kaunti ililipa dola 337,000. Ninapozungumza na manaibu wageni naitaja kesi hii kila mara, kwa sababu yule hakuwa mwizi wala jambazi mbele yake. Alikuwa mtoto aliyekasirika, na pale palihitajika dakika kumi za kukaa chini sakafuni naye.

Haya, masharti. Vijana, chukueni simu zenu muandike.

Kentucky ilitunga mwaka 1998 sheria ya viwango vya maofisa wa usalama, na naibu mwenye mamlaka kamili anapimwa kwa sheria hiyo. Uwe na miaka 21. Uwe umemaliza sekondari au una cheti cha GED, kile kinacholingana na cha sekondari. Shahada haidaiwi, ingawa Minnesota, kwa mfano, wanataka masomo ya chuo. Uwe na leseni ya udereva. Uchukuliwe alama za vidole na uchunguzwe historia yako. Usiwe umepatikana na hatia ya kosa kubwa la jinai, wala usiwe umekatazwa na sheria kushika silaha. Upimwe afya, upimwe dawa za kulevya, upimwe akili na mtaalamu, ukae mbele ya mashine ya kupima uongo, na upite mtihani wa mwili: mbio za mita 300, mbio za maili moja na nusu, pushapu, kulala chali na kuinua kiwiliwili, na kunyanyua uzito. Halafu mahojiano. Ukishaajiriwa una mwaka mmoja wa kumaliza mafunzo ya msingi, wiki 20 katika chuo cha jimbo kule Richmond, ukilipwa mshahara wako. Baada ya hapo, saa 40 za masomo kila mwaka hadi utakapostaafu.

Na uwe raia wa Marekani. Hapa ndipo wengi wetu tunakwama, basi nitaeleza. Mahakama Kuu iliamua mwaka 1978, kesi ya Foley, kwamba jimbo lina haki ya kudai uraia kwa polisi. California iliondoa sharti hilo kuanzia Januari 2023, Illinois ikafuata 2024, mtu mwenye kibali halali cha kazi anaweza kuomba. Kentucky bado inadai uraia. Mkimbizi anaomba kadi ya kijani baada ya mwaka mmoja hapa, na miaka mitano ya kusubiri uraia inahesabiwa tangu siku aliyoingia. Lakini sikilizeni hili: mzazi akiapa uraia wakati mtoto wake hajatimiza miaka 18, na mtoto ana kadi ya kijani na anaishi chini ya ulezi wa mzazi huyo, mtoto amekuwa raia siku hiyohiyo kwa sheria ya mwaka 2000. Hakuna barua itakayokuja nyumbani kumjulisha. Nimekutana na vijana wanaosema, "Mimi si raia, siwezi kuomba," kumbe ni raia tangu wakiwa darasa la nane, ila hawajawahi kuchukua pasipoti. Rudini nyumbani muulizane tarehe.

Na wavulana, mkifika miaka 18 mjiandikishe Selective Service, daftari la wanaoweza kuitwa jeshini. Ni sheria, inawahusu hata wasio raia, na kutojiandikisha kunaweza kukuletea maswali siku ya kuomba uraia.

Yapo mambo mawili yanayowaangusha vijana wetu kuliko mbio za maili moja na nusu. La kwanza ni bangi. Kentucky imeruhusu ya matibabu tangu Januari 2025, na huko Illinois na Ohio inauzwa dukani kwa watu wazima. Sheria ya shirikisho haijali. Mtumiaji haruhusiwi kumiliki bunduki, na asiyeruhusiwa bunduki hawezi kuwa naibu. La pili ni kumpiga mwenzi wako. Tangu 1996, hata kosa dogo la ukatili wa nyumbani linakunyima bunduki, pengine maisha yako yote. Mwanaume anayedhani kofi moja ni mambo ya ndani ya nyumba amejifungia mlango wa kazi hii na ule wa jeshi.

Mashine ya uongo inatisha watu. Mimi naona inafaa. Aliyewahi kufukuzwa kazi kwa kuchelewa, aliyewahi kupata ajali bila bima, aseme. Ofisi nyingi zinaweza kumvumilia kijana aliyekosea, kwa sababu ukweli ndio mtaji wa kazi hii. Tangu kesi ya Brady ya 1963 na ile ya Giglio ya 1972, mwendesha mashtaka anatakiwa kuupa upande wa utetezi habari zinazoharibu sifa ya shahidi wake. Naibu akibainika kuandika uongo kwenye ripoti moja, kila kesi atakayosimama kutoa ushahidi wakili atauliza habari ya ripoti ile. Mwendesha mashtaka atachoka naye. Ataendelea kuwa na sare lakini hana kazi, na mwishowe hata sare itaondoka.

Ripoti zenyewe ndizo zitakazokula muda wako. Kijana anayesema Kiingereza cha mtaani vizuri sana anaweza kushindwa kuandika aya tatu zilizonyooka: nani alifanya nini, wapi, saa ngapi, nimejuaje. Jifunzeni kuandika. Na Kiswahili msikiache, wala Kinyarwanda, Kifuliiru, Kibembe na Kirundi. Lexington, Kiswahili kiko juu kabisa, baada ya Kihispania, kati ya lugha za nyumbani za wanafunzi. Naibu anayeweza kumwambia mama wa watu kwa lugha yake, "Tulia mama, hii ni samansi tu, sijaja kumchukua mtu," amefanya kazi ambayo wenzake watatu wasingeiweza.

Siku ya kuapa utashangaa. Katiba ya Kentucky inamtaka kila ofisa, baada ya kuahidi kuilinda katiba, aape kwamba, akiwa raia wa jimbo hili, hajapigana duweli, yaani pambano la watu wawili waliokubaliana kupigana, kwa silaha za kuua, hajamwita mtu kwenye duweli wala kumsaidia anayepigana. Maneno hayo yanasemwa hadi leo. Zamani za kale wakubwa wa hapa walimalizana kwa bastola wakitukanwa. Mimi nilipoyasema niliyachukua kwa uzito wote: anayeapa anaacha hasira zake binafsi pale mlangoni. Ukitukanwa na mtu unayempelekea karatasi, kutukanwa huko hakukuhusu.

Kabla ya maswali, mambo ya barabarani. Naibu akikusimamisha, usishuke kwenye gari kwenda kumsalimia. Kwetu ni adabu, hapa anaona mtu anamjia. Kaa, mikono juu ya usukani, washa taa ya ndani kama ni usiku, na mwambie kabla hujafungua droo ya karatasi. Na usimpe "ya chai." Kumhonga ofisa Kentucky ni kosa la miaka mitano hadi kumi. Kuna mzee aliyeweka noti katikati ya leseni yake kwa mazoea tu ya njia tuliyotoka. Mwelezeni kila mgeni anayefika.

Dada pale mbele ameuliza juu ya uhamiaji, na nitajibu waziwazi. Sheria ya shirikisho ya mwaka 1996 ina kifungu kiitwacho 287(g), kinachomruhusu sherifu kusaini mkataba ili watu wake wafanye baadhi ya kazi za maofisa wa uhamiaji. Baadhi ya ofisi za sherifu Kentucky zimesaini, nyingine hazijasaini. Uamuzi ni wa sherifu, na sherifu anapigiwa kura. Kwa hiyo ulizeni ofisi ya kaunti yenu, ulizeni wagombea mbele ya watu, na wenye uraia jiandikisheni kupiga kura. Mtu akija mlangoni, mwulize kwa upole karatasi aliyo nayo imesainiwa na nani. Hati ya kuingia ndani ya nyumba bila ridhaa yako ni ile iliyosainiwa na hakimu. Mimi siupendi mkataba huo kwa kaunti yenye wageni wengi, kwa sababu mama aliyepigwa ataogopa kutuita. Hayo ni maoni yangu, na ninayasema hapa kama ninavyoyasema ofisini.

Mama pale upande wa kushoto ameuliza swali gumu kuliko yote: "Mwanangu akiwa naibu, atatumwa kutoa vyombo vya mtu wetu?"

Ndiyo, mama. Atatumwa. Hawezi kuikataa amri ya hakimu kwa sababu jina lililoandikwa ni la ndugu. Kama ni mtu wa damu yake ataeleza kwa mkubwa wake na atapangiwa mwingine. Kama ni mtu wa kanisani kwenu tu, ataenda, na Jumapili mtakutana, na wengine watakataa kumpa mkono. Naibu atakwenda pale kwa vyovyote vile, awe mwanao au mtu asiyejua hata namna ya kumsalimia yule bibi. Ninachoweza kukuahidi ni kwamba akiwa mwanao, siku atakayopeleka ile karatasi ya kwanza atamweleza mpangaji yule, kwa Kiswahili, tarehe ya kwenda mahakamani, saa, na namba ya chumba, na atamwambia aombe mkalimani. Hatampa ushauri wa sheria, haruhusiwi. Lakini tarehe na chumba anaruhusiwa, na wengi wanaotolewa ni wale ambao hawakwenda.

Fomu ziko pale mezani karibu na chai. Wenye miaka 21 waje kwangu, na wasiofika waje pia, tuhesabu pamoja miaka ya uraia.